Heri Kisu Kipinde Kuliko Kivunjike

Kipande cha chuma kilichonifungua macho bado ninacho nyumbani. Kina urefu wa kiganja na uzito wa nusu kilo hivi. Upande mmoja una makali. Upande wa pili umekatika wima kama kigae cha chungu, chembechembe za kijivu zinang'aa, bila dalili hata kidogo ya kupinda. Miaka kadhaa iliyopita kilichomoka chini ya fyekeo lililofungwa nyuma ya trekta, kwenye shamba moja la michikichi nje ya Kindu. Kikapita kati ya vijana wawili waliokuwa wakikusanya mikungu, kikazama kwenye shina la mchikichi, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Nilihesabu hatua kutoka pale trekta liliposimama hadi kwenye shina: arobaini na tatu. Kukitoa tulihitaji patasi na nyundo.

Kisu chenyewe kilikuwa kimechongwa mjini, kwenye karakana moja, kutoka resori ya lori. Makali yake ya kwanza yalipoisha, fundi alilehemu kipande kipya mbele yake. Kilivunjika palepale penye mshono. Nilipompelekea kipande hicho, fundi huyo kijana hakuwa na kiburi, alishangaa kweli. "Papa," akaniambia, "hii chuma ni ya resori, haikatikake!" Maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Alisema jambo ambalo karibu kila mwenye nyundo katika mji wetu analiamini. Kwa lori ni kweli. Kwa kisu kinachozunguka ni hatari.

Anayeishi Kasuku hahitaji kuelezwa kwa nini tunazitaka mashine hizi. Komini yetu iko ukingo wa kushoto wa mto Lualaba pamoja na komini ya Mikelenge, Alunguli ikitutazama kutoka ng'ambo. Mvua inatunyeshea karibu mwaka mzima, tunapumua kidogo tu kati ya Juni na Agosti, na majani hayapumziki. Unafyeka kando ya avenyi Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja. Ukichelewa miezi miwili, matete yamekufika kifuani na mbu wamehamia. Reli ya SNCC inayotoka kusini inaishia hapa Kindu, na kingo zake zinataka kufyekwa. Uwanja wa ndege unataka kufyekwa. Barabara za udongo zinazotoka mjini zinafyekwa na kamati za wakaaji, zile CLER, kwa panga na mgongo wa binadamu. Fyekeo la trekta lenye upana wa mita moja na nusu, likienda mwendo wa mtu anayetembea, kilomita nne kwa saa, linamaliza zaidi ya nusu hekta kwa saa moja. Mimi si adui wa mashine. Ninaitaka ije, na ninataka ikija isimuue mtoto aliyesimama kuitazama.

Kwanza tuelewane mashine yenyewe ni nini. Ni sahani kubwa ya chuma iliyofunikwa juu ya majani kama sufuria iliyopinduliwa, na chini yake kuna nguzo fupi inayozungusha visu viwili, wakati mwingine vitatu. Nguvu inatoka kwenye injini ya trekta kupitia shafti ya nyuma, ambayo waliojifunza umekanika kwa Kifaransa huiita prise de force. Ndugu watatu wa ukoo wa Wood, katika mji wa Oregon jimboni Illinois, Marekani, ndio wanaotajwa kuwa waliunda ya kwanza mwaka 1947. Baadaye kampuni ya Bush Hog ya Selma, Alabama, iliuza nyingi kiasi kwamba wakulima wa Marekani wakaanza kuita mashine yoyote ya aina hiyo kwa jina la kampuni. Umbo la msingi halijabadilika sana tangu hapo, na sababu ni kwamba wale wa mwanzo walielewa jambo moja mapema: porini, kisu kitagonga kitu. Swali si kama kitagonga, bali kitafanya nini kikishagonga.

Tupige hesabu. Shafti ya trekta kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Giaboksi ya fyekeo inaongeza mwendo huo. Kulingana na mashine, visu huzunguka kati ya mara 800 na 1,000 kwa dakika. Tuchukue 900, yaani mara 15 kwa sekunde moja. Kwenye fyekeo la upana wa mita moja na nusu, ncha ya kisu inakwenda mita 70 kwa sekunde, yaani kilomita 250 kwa saa. Hakuna gari lililowahi kukimbia hivyo katika jimbo letu la Maniema.

Sasa kisu chenyewe. Kina uzito wa kilo nne, tuseme, na kinavutwa kwenda nje na mzunguko huo kila wakati. Ukikokotoa, bolti moja inayokishika inabeba mvuto wa karibu tani mbili. Ni kama umetundika gari la Land Cruiser kwenye bolti ile, na unalizungusha. Hilo ni kabla kisu hakijagusa hata unyasi mmoja.

Na kipande changu cha nusu kilo? Kikiachiwa kwa mwendo huo, kinabeba nguvu sawa na ya gunia la mihogo la kilo 50 linaloanguka kutoka mita mbili na nusu. Tofauti ni kwamba gunia linatua na upana wake wote, na chuma kinatua na ukingo wake mkali. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji wengi vinasema mtu yeyote asikaribie mita 90 au 100 mashine inapofanya kazi. Wengi wetu tukisoma hivyo tunadhani ni woga wa Wazungu. Hatua zangu arobaini na tatu zinasema siyo.

Sasa turudi kwenye lile swali la kisu kinachogonga. Kisu cha fyekeo la trekta hakikukazwa kama panga kwenye mpini. Kimening'inizwa kwenye bolti kama mlango kwenye bawaba, kiko huru kuyumba. Kikizunguka kwa kasi, ule mvuto wa tani mbili unakinyoosha na kinakata kana kwamba kimekazwa. Kikikutana na kisiki au jiwe, kinakunjika kurudi nyuma, kinapita, kisha kinanyooka tena. Mashine nyingi nzuri zina pia sahani ya mviringo katikati, chini ya nguzo, ambayo hupanda juu ya kisiki na kuteleza, ili uzito wa mashine usibebwe na visu. Ni ubunifu wa akili sana: mashine yenye nguvu kiasi hicho inalindwa na kitu kinachokubali kushindwa kwa nukta moja.

Na hapa ndipo tunapoanza kuiharibu. Bolti inapiga kutu kwenye mvua yetu, kisu kinanata, hakiyumbi tena, na dereva anafurahi kwamba "kimekaza". Nimewahi kuona hata kisu kilichotiwa doa la kulehemu kwenye bawaba makusudi, ili kisipige kelele. Kisu cha namna hiyo kikigonga kisiki, pigo lote linakwenda kwenye bolti, kwenye nguzo, kwenye giaboksi, na chochote kilicho dhaifu zaidi ndicho kitakachoruka. Kila asubuhi, injini ikiwa imezimwa na funguo iko mfukoni mwako, sukuma kila kisu kwa mti. Kama hakiyumbi, siku haijaanza. Kama tundu lake limekuwa la mviringo wa yai na kinacheza juu na chini, kisu hicho na bolti hiyo vimemaliza kazi yao hapa duniani.

Lipo pia kosa la mwendo. Madereva wengine huingia kwenye majani na injini ikiwa chini, wakiogopa kumaliza mazuti. Visu visivyopata mzunguko wa kutosha havinyooki. Vinagongana na sahani ya juu, vinajipiga vyenyewe, bolti zinalegea. Fyekeo huachwa lifike mwendo wake kamili kwanza, ndipo linaingizwa kwenye majani polepole. Na likikatiwa nguvu, linaendelea kuzunguka lenyewe muda mrefu kwa uzito wake. Usishuke kabla hujaona shafti imesimama kabisa.

Kuhusu chuma ndiko ninakotaka kukaa zaidi, kwa ajili ya kijana yule wa resori na wenzake.

Watu wanasema chuma "kigumu" na wanadhani wamesema neno moja. Wamesema mawili. Kuna ugumu wa kukataa kukwaruzwa na kulika, ambao ndio unaofanya makali yadumu. Na kuna uimara wa kukataa kuvunjika, ambao ndio unaofanya chuma kipigwe, kipinde, na bado kibaki kipande kimoja. Kioo kina ule wa kwanza, kamba ina ule wa pili. Chuma kinaweza kupewa kiasi cha vyote viwili, lakini ukizidisha kimoja, kingine kinapungua, na anayeamua ni moto.

Resori ya lori ni chuma kizuri sana. Ina kaboni kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.6, wakati fito za kawaida za ujenzi zina chini ya nusu ya hapo. Kiwandani ilipashwa moto, ikazimishwa kwenye mafuta ikawa ngumu kama kioo, kisha ikarudishwa kwenye moto wa wastani ili ile hali ya kioo iondoke na uimara urudi. Hatua hii ya pili ndiyo iliyoifanya iwe resori. Fundi wetu anapoikata kwa gesi, akaifua ikiwa nyekundu, kisha akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, amerudia hatua ya kwanza peke yake. Anapata kisu kinachokata vizuri ajabu, na mteja anasifu. Kisu hicho ni kioo. Akiiacha ipoe yenyewe hewani, inakuwa laini zaidi na italika upesi, na kama nikilazimishwa kuchagua kati ya hivi viwili, nitachagua kilaini bila kusita. Kilaini kitanigharimu fedha tu.

Kulehemu ni kubaya zaidi, kwa sababu kunaonekana salama. Mshono wenyewe huenda ukawa mzuri. Tatizo liko milimita chache pembeni yake. Pale chuma kilipashwa hadi wekundu, na kikapozwa ghafla, si na maji, bali na chuma baridi kinachokizunguka, ambacho hunyonya joto haraka kuliko unavyodhani. Kwa chuma cha kaboni nyingi, hilo linatengeneza ukanda mwembamba wa kioo katikati ya kisu, na mara nyingi na ufa mdogo usioonekana kwa macho. Kisha unakipeleka shambani kikazunguke mara 54,000 kwa saa, kila mzunguko na kipigo chake. Ufa unatambaa. Siku ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Fundi anasahau, mwenye shamba anamsifu, na siku moja isiyo na sababu maalumu, kipande kinaondoka.

Tundu la bolti ni jambo lingine ambalo watu hawaliangalii. Wengi hulitoboa kwa moto wa elektrodi, kwa sababu drili ya kutoboa resori ni ghali na inaliwa upesi. Tundu la moto lina ukingo mgumu, uliokwaruzika, uliojaa vijufa, na liko mahali hasa ambapo ile Land Cruiser imetundikwa. Ukisikia kisu kizima kimeruka, si ncha tu, tazama tundu lake kwanza. Na resori ya lori lililotembea miaka ishirini kwenye mashimo ya njia zetu imeshachoka kabla fundi hajaigusa. Nyufa zake inazo tayari, chini ya kutu.

Watengenezaji wanajua haya. Chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani, ASABE, kina kiwango maalumu, S483, cha kupima kama kisu cha mashine ya kukata majani kinakubali kupinda bila kupasuka. Fikiria maana yake: kinachopimwa ni kupinda. Kisu kilichorudi kutoka shambani kimepinda na makali yamebonyea kimefanya alichokusudia aliyekibuni. Kibadilishe, mshukuru, endelea.

Nyufa unaweza kuzitafuta mwenyewe bila mashine yoyote. Fungua kisu, kisugue kwa brashi ya waya hadi king'ae, kipake mazuti, subiri robo saa, kikaushe kabisa kwa kitambaa. Kisha paka unga wa chaki ya shule juu yake. Mazuti yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kulowesha chaki, na utaona mstari mweusi mwembamba kama unywele. Angalia hasa kuzunguka tundu na kila mahali palipokunjwa. Kisu chenye mstari huo hakirudi kwenye mashine, hata kama makali yake ni mapya.

Mahali petu panadai uangalifu ambao kitabu cha mashine hakikuuandika. Udongo wetu mwekundu umejaa changarawe ngumu. Vichuguu viko kila mahali, na chini ya majani marefu hakuna anayeviona. Shamba lililolazwa miaka mitatu tayari lina miti ya parasolia yenye shina nene kuliko paja. Watengenezaji hugawa mafyekeo yao kwa unene wa shina ambalo mashine inaruhusiwa kukata: nyepesi ni sentimita mbili na nusu, za kati ni tano, nzito ni saba hadi kumi. Mashine nyepesi ilibuniwa kwa malisho ya ng'ombe. Inafika kwenye pori letu kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu kwenye karatasi ya ofisini.

Afrika Mashariki inalijua somo hili kwa gharama. Mwaka uleule wa 1947 ambao ndugu wa Wood walikuwa wakijaribu fyekeo lao, serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga huko Tanganyika, Kongwa ikiwa kituo cha kwanza, ukikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yalinunuliwa kutoka mabaki ya vita. Mengine yaliundwa kutoka vifaru vya Sherman. Mizizi na mibuyu iliyavunja, na udongo wa Kongwa, wenye mchanga mkali na unaokauka kama tofali wakati wa kiangazi, ulikula vyuma vya majembe. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36. Waliochagua zana hawakuwa wamekaa na ule udongo.

Uwiano wa visu nitaupitia haraka. Visu hubadilishwa kwa jozi, kamwe si kimoja. Ukiacha tofauti ya gramu mia tu kati ya kisu na mwenzake, nguzo itavutwa upande mmoja kwa nguvu ya kilo 50 na zaidi, mara 15 kila sekunde, na giaboksi itaanza kumwaga mafuta kabla ya mwezi. Vipime kwa mizani ya muuza samaki, inatosha. Nati za bolti za visu hukazwa kwa nguvu kubwa sana, kuliko mkono na spana fupi zinavyoweza. Kitabu cha mashine kitakwambia kiasi, na bomba refu juu ya spana litakusaidia kukifikia. Kaza tena baada ya saa chache za kwanza za kazi. Nati iliyofunguliwa haitumiki mara ya pili.

Kati ya trekta na giaboksi kuna kinga nyingine, na ndiyo inayodhulumiwa zaidi. Mashine nyingine zina bolti laini iliyowekwa makusudi ili ikatike kisiki kikiwa kikubwa mno. Inapokatika mara tatu kwa siku, shofere anachoka, anachukua bolti yenye alama ya 8.8 au 10.9 kichwani, au kipande cha fito, na tatizo "linaisha". Limehamia kwenye giaboksi, ambayo bei yake ni ya bolti laini mia kadhaa. Mashine nyingine zina klachi ya kuteleza badala ya bolti. Hii nayo, ikiachwa nje wakati wa mvua zetu, sahani zake zinagandana kwa kutu na haitelezi tena. Kwa nje inaonekana nzima. Kabla ya kuanza msimu, legeza springi zake kama kitabu kinavyoelekeza, izungushe sekunde chache iteleze hadi itoe moshi kidogo, kisha ikaze kwa kipimo chake. Hakikisha imekubali kuteleza.

Halafu pazia. Mbele na nyuma ya fyekeo huning'inia minyororo mifupi, mmoja kando ya mwingine, kama pazia la mlango wa duka. Kazi yake ni kupokea mawe na vipande. Majani marefu hukwama mbele yake, kwa hiyo ndicho kitu cha kwanza kinachokatwa na kutupwa, na baadaye mnyororo unaonekana ukifunga mbuzi. Fyekeo bila pazia ni bunduki isiyo na mtu wa kuilenga. Kama majani yanakwama, punguza mwendo, au fyeka mara mbili, mara ya kwanza juu, mara ya pili chini. Na hiyo mara ya chini isishuke kuliko sentimita kumi kutoka ardhini. Kukwangua udongo hakumalizi majani, kunamaliza visu.

Kuna wengine wanaodhani wakifunga mnyororo wenyewe uwe ndio kisu, wamepata dawa, kwa kuwa mnyororo unapinda. Tarehe 19 Januari 2012 Tume ya Ulaya iliagiza nchi zote wanachama zipige marufuku vichwa vya namna hiyo, vya vipande vya chuma vilivyounganishwa, kwenye zile mashine za kufyeka za kubeba begani, baada ya ajali iliyoua mtu. Kila kiungo cha mnyororo ni mahali pengine pa kukatikia. Mashine za begani tunazo hapa mjini, na hivyo vichwa nimeviona vikiuzwa.

Na mama zetu, tafadhali mnisikilize hapa. Ile shafti ya nyuma ya trekta inazunguka mara tisa kwa sekunde. Ikiwa haina kifuniko chake cha plastiki, na ikakamata pindo la kikwembe, inameza zaidi ya mita moja ya kitambaa kila sekunde. Kikwembe kizima kinaisha kabla hujamaliza kuita jina la mtu. Hakuna dereva mwenye mkono wa haraka kuliko hivyo. Kifuniko kilichopasuka kibadilishwe siku hiyohiyo, na anayeleta maji au chakula shambani asubiri mbali, dereva azime na kumfuata.

Kabla ya trekta, wapite watu. Salongo inatufaa sana hapa: vijana kumi, kila mmoja na fimbo, watembee kwenye mstari wakitafuta visiki, waya, chupa, vyuma vya zamani, mawe ya reli, na waweke kijiti chenye kitambaa chekundu penye kichuguu. Kisha wote waondoke, waende mita mia, na wawili kati yao wakae njiani kusimamisha pikipiki na watoto wa shule. Na anayeingia chini ya fyekeo kubadilisha kisu asiamini mikono ya haidroliki ya trekta. Mafuta yanavuja, mashine inashuka bila sauti. Magogo mawili yenye nguvu chini yake, injini imezimwa, funguo mfukoni.

Ninajua jibu nitakalopewa: visu vya kiwanda viko wapi? Kindu piesi zinakuja kwa ndege, au kwa treni kutoka Lubumbashi, au kwa mto kutoka upande wa Ubundu, na njia zote tatu zina siku zake. Ni kweli. Kwa hiyo jambo hili linaamuliwa siku ya kununua, mezani, na yule anayeandika oda. Kama wewe ndiye unayeandika, kwa komini, kwa jimbo, kwa shirika au kwa shamba lako, andika mashine inayoruhusiwa kukata shina la sentimita saba au zaidi. Andika jozi nne za visu na bolti zake na nati zake, bolti laini hamsini kama inazitumia, vifuniko viwili vya shafti. Andika kitabu cha mashine, kwa Kifaransa. Kama fedha hazitoshi kwa haya yote, nunua mashine ndogo zaidi inayokuja na haya yote, au subiri.

Karakana zetu hazitakosa kazi. Stendi za kuwekea fyekeo wakati wa matengenezo, nyayo za pembeni zinazoliwa na changarawe, bolti laini za kukatika zilizochongwa kwa kipimo sahihi, pazia la minyororo, vyote hivi vinaweza kutengenezwa Kasuku na vikawa vizuri sawa na vya kiwandani. Kijana wa resori, hayo ndiyo anayofanya sasa. Visu halehemu tena, na anayempelekea kisu anarudishwa nacho. Pazia la minyororo analifunga kwa siku mbili; ukiwa na fyekeo lililovuliwa pazia lake, lipeleke kwa fundi wa namna yake kabla ya Jumamosi ijayo.